Jitu, Jeneza na Kicheko cha Darasani

Umekuwapo kwa muda mrefu, katika vyuo vyetu vya ualimu, usemi kwamba darasa lililonyamaza ndilo darasa linalojifunza. Mwanachuo anayekwenda kwa mara ya kwanza katika mazoezi ya kufundisha huubeba usemi huo pamoja na chaki zake na andalio lake la somo, na mtoto mmoja akicheka nyuma ya darasa, mwanachuo huyo hudhani amekwisha kushindwa. Makala haya yanaupinga usemi huo. Hata hivyo hayadai kwamba kila kicheko ni chema, maana hilo si kweli. Yanataka kuuliza ni kicheko cha namna gani kinachomfundisha mtoto, hutokana na nini, na humwangukia nani. Na ili swali lisibaki likielea hewani, nitalifunga katika kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: filamu ya kuchekesha iliyotengenezwa Marekani mwaka 1948, ambayo inayafanyia dhihaka masimulizi ya majitu ya kutisha na majumba yenye mizuka.

Filamu yenyewe huitwa Abbott and Costello Meet Frankenstein. Iliongozwa na Charles Barton, na ilitolewa na kampuni ya Universal-International, ambayo ndiyo iliyokuwa mwenye majitu hayo tangu mwanzo. Wachekeshaji wake wakuu ni wawili: Bud Abbott, mrefu, mkavu, mwepesi wa kukaripia, na Lou Costello, mfupi, mnene, mwenye uso kama wa mtoto aliyeamshwa usiku. Katika hadithi hii Abbott ni Chick na Costello ni Wilbur, wahudumu wa mizigo katika kituo cha reli huko Florida. Siku moja wanatakiwa kupeleka makasha mawili katika nyumba ya maonyesho ya vitu vya kutisha. Mwenye nyumba hiyo anaamini kwamba ndani yake mna mabaki matupu ya Dracula, yule mfu anyonyaye damu, na ya jitu lililoundwa na Frankenstein. Kumbe wote wawili wangali hai. Dracula anaamka, analiamsha jitu, na wanatoweka kwenda katika ngome iliyo kisiwani. Huko daktari mmoja mwanamke, Sandra, ambaye amekuwa akijifanya kumpenda Wilbur, anangoja kufanya upasuaji. Wakati huo huo mtu mmoja aitwaye Larry Talbot anasafiri kutoka London kuja kuwaonya wale wahudumu. Kwa bahati mbaya mwonyaji huyo naye ana msiba wake, maana kila usiku wa mbalamwezi pevu hugeuka kuwa mbwamwitu.

Mtu aliyesikia muhtasari huo atadhani kwamba majitu hayo yamevikwa kofia za karatasi na kufanywa vikaragosi. Sivyo hata kidogo, na hapa ndipo penye somo la kwanza kwa mwalimu. Bela Lugosi, aliyecheza Dracula katika filamu ya mwaka 1931, anamcheza tena humu miaka 17 baadaye, kwa heshima ile ile, kwa sauti ile ile nzito, na joho lile lile. Lon Chaney mdogo, aliyekuwa mtu-mbwamwitu tangu mwaka 1941, anahuzunika kwa dhati kila anapokumbuka laana yake. Glenn Strange, aliyelirithi jitu la Frankenstein mwaka 1944, anatembea kwa uzito wa kaburi. Hakuna hata mmoja wao anayefanya mzaha. Inasimuliwa kwamba katika pigo ambalo Costello anakalia mapaja ya jitu bila kujua, Strange alishindwa kujizuia kucheka, na ikabidi kazi irudiwe mara nyingi. Naam, walirudia, kwa sababu jitu likicheka, hadithi imekufa. Kicheko cha mtazamaji huzaliwa pale kitu cha kutisha kwelikweli kinapokutana na mtu wa kawaida asiyejua la kufanya.

Walimu wengi vijana huelewa kinyume chake. Mwanachuo akishauriwa kulichangamsha somo, huanza kujichekesha mwenyewe: hukunja uso, hubadili sauti, huimba, hata huruka. Watoto hucheka, bila shaka, na jioni hawakumbuki ila kuruka kwake. Maarifa yenyewe yamepotea njiani. Kama vile Lugosi alivyoulinda uzito wa Dracula wake, ndivyo mwalimu atakavyoulinda uzito wa somo lake. Utoaji uwe utoaji, herufi ziwe herufi, na historia iwe historia. Kichekesho kitafutwe pembeni, katika yule anayekutana na jambo hilo na kubabaika.

Na tuangalie pigo moja kwa undani, kwa sababu ustadi wake unastahili kuchunguzwa kama tunavyochunguza andalio zuri la somo. Wilbur ameachwa peke yake katika ile nyumba ya maonyesho, usiku, mbele ya jeneza. Mshumaa umewekwa juu ya kifuniko. Wilbur anasoma kwa sauti maelezo yaliyoandikwa kuhusu Dracula, kwamba usiku huamka na kutoka. Kifuniko kinainuka kidogo, na mshumaa unateleza. Wilbur anapiga kelele, Chick anakuja, na kila kitu kimetulia. Chick anaondoka. Kifuniko kinainuka tena. Mchezo huo unarudiwa, kila mara ukiongezewa kitu kidogo, na kila mara Chick hakuti kitu. Watoto wakiutazama mchezo wa namna hii hawatulii. Huinuka vitini, huonyesha vidole, humpigia kelele Wilbur ageuke na Chick awahi. Kwa nini? Kwa sababu wao wanajua jambo ambalo mtu mmoja katika hadithi halijui. Wamepewa ujuzi, na ujuzi huo unawawasha mpaka wautoe.

Hapo pana mbinu ya kufundishia ambayo haihitaji filamu wala umeme. Mtoto aliyezoea kuulizwa maswali na mtu anayejua majibu yote, yaani mwalimu wake, hana sababu kubwa ya kujibu. Anajua kwamba anapimwa tu. Lakini mpe mtu ambaye hajui, tena anayejigamba kwamba anajua, naye atasimama kumfundisha. Mathalani, mwanachuo anaweza kutengeneza kikaragosi kwa soksi kuukuu na vifungo viwili, akakiita Bwana Pupa. Darasa la Tatu linajifunza kutoa kwa kuchukua. Ubaoni imeandikwa 52 kutoa 27. Bwana Pupa anatangaza, bila kutabasamu, kwamba kwa kuwa 7 haitoki katika 2, basi yeye atatoa 2 katika 7 apate 5. Kisha 2 katika 5 apate 3. Na jibu ni 35. Kila mwalimu aliyesahihisha madaftari ya Darasa la Tatu analijua kosa hilo. Ni kosa la watoto wenyewe, wanalifanya kila siku, lakini sasa linafanywa na mwingine, mbele yao, kwa kiburi. Darasa litalipuka. Wakati huo mwalimu asiwahi kumsahihisha Pupa. Amwache Pupa abishe, adai kuonyeshwa kwa vijiti vya kuhesabia, kitita kimoja cha kumi kifunguliwe mbele yake, na aendelee kutilia shaka mpaka mtoto mmoja ajumlishe 35 na 27 na kumwonyesha kwamba inakuja 62, wala si 52. Mtoto aliyeyafanya hayo amefundisha, na jambo ambalo mtu amemfundisha mwenzake halimtoki upesi.

Nasisitiza kwamba anayechekwa hapo ni kikaragosi. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu.

Kabla ya hapo kuna jambo zito zaidi ndani ya filamu hii, ambalo huenda watengenezaji wenyewe hawakulikusudia kuwa fundisho la ualimu, lakini mwalimu hawezi kulitazama bila kushtuka. Wilbur anaona, naye haaminiwi. Kwa sehemu kubwa ya filamu ya dakika 83, yeye ndiye shahidi wa pekee kati yao wawili, na kila anapotaka kusema, hofu humkaba koo. Mdomo unafunguka, mikono inapepea, pumzi inatoka bila neno. Chick, mwenye maneno laini na akili za kujua mambo, humkaripia, humwita mjinga, humsukuma. Sisi tulioketi mbele ya picha tunacheka, maana tunajua ukweli uko upande gani, na tunajua kwamba Chick ataumbuka. Na anaumbuka: mwishoni jitu linapowafukuza wote wawili, mwerevu yule anakimbia kuliko mwenziwe.

Lakini shuleni hakuna mtazamaji anayeliona jeneza. Mtoto anayefika akiwa amechelewa, akigugumia, akishindwa kueleza kilichompata njiani, hukutana na Chick. Mtoto anayesema kwamba anaogopa kupita mahali fulani, au nyumba fulani, au mtu fulani, huambiwa aache hadithi na afungue daftari. Huenda kweli ni hadithi. Lakini huenda si hadithi, na mwalimu hawezi kujua kabla ya kusikiliza. Kugugumia kwa mtoto si dalili ya uongo. Mara nyingi ni dalili ya uzito wa anachotaka kusema. Watoto waliodhuriwa aghalabu husimulia vipande vipande, bila mpangilio, leo hivi na kesho vile, na mkubwa mwenye haraka huchukua mchanganyiko huo kuwa ushahidi dhidi yao. Ningependa kila mwanachuo, atakapoitazama filamu hii, acheke mara ya kwanza, na mara ya pili amtazame Chick peke yake.

Liko na la ubongo. Dracula ana shida na jitu lake. Katika hadithi ya zamani jitu lilikuwa na akili ya jeuri, likamgeukia muumba wake. Safari hii Dracula hataki hatari hiyo. Anataka liwekewe ubongo mwepesi, usiouliza, usio na nia yake mwenyewe, ubongo utakaomtii bwana wake bila kusita. Na Sandra amemchagua Wilbur kwa sababu anaamini kwamba ubongo wa namna hiyo ndio alio nao. Kichekesho hiki ni kikali kuliko kinavyoonekana. Mwovu wa hadithi, mwenye joho na macho ya kulaza watu usingizi, ndoto yake kuu ni mwanafunzi mtiifu.

Ni mara ngapi tumesikia darasa likisifiwa kwa sifa hiyo hiyo! Mkaguzi anaingia, watoto wanasimama kwa pamoja, wanaitikia kwa pamoja, wanakaa kwa pamoja, na mwalimu anaonekana hodari. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule zimjenge mtoto awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa yale wafanyayo wengine na kuchagua lililo jema na kulikataa lisilofaa, tena awe na kujiamini. Akili ya namna hiyo Dracula asingeitaka hata kwa bure. Sisemi kwamba utii hauna mahali pake. Mtoto asiyetii akiambiwa asivuke barabara atakufa. Nasema kwamba utii ambao umeondoa swali si nidhamu, na mwalimu anayejivunia ukimya wa darasa lake ajiulize ni ubongo gani anaoutengeneza.

Sasa nije katika jambo la fasihi, kwa faida ya wale watakaofundisha Kiswahili. Filamu hii ni mwigo wa kejeli. Mwigo wa kejeli una sharti moja ambalo walimu wengi hulisahau: haufanyi kazi kwa mtu asiyekijua kinachoigwa. Watazamaji wa Marekani wa mwaka 1948 walikuwa wamekwisha kuona Dracula ya Tod Browning na Frankenstein ya James Whale, zote za mwaka 1931, na nyingi zilizofuata. Na nyuma ya filamu hizo kulikuwa na riwaya, ile ya Mary Shelley ya mwaka 1818 na ile ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Walijua kwamba jeneza likionyeshwa litafunguka, kwamba mwezi ukitokea Talbot atageuka, kwamba ukuta wa ngome unaweza kuzunguka na kummeza mtu. Kila mzaha uliegemea ujuzi huo. Kuna hata pigo la dansi ya watu waliovaa mavazi ya kujigeuza, ambapo Dracula anaingia akiwa na joho lake mwenyewe, na hakuna anayemshangaa, maana wanadhani ni vazi la sherehe. Asiyemjua Dracula ataona mtu mwenye joho, basi.

Kwa hiyo simshauri mwanachuo aipeleke filamu hii katika Darasa la Nne la kijiji chochote na kutegemea kicheko. Ashike kanuni yake, aache makasha yake huko huko Florida. Watoto wetu wanayo majitu wanayoyajua tangu tumboni. Wanalijua zimwi. Wanaijua ngano ya msichana aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma, akawa anaimba kila ngoma ilipopigwa, mpaka siku wazazi wake walipoitambua sauti. Na ngano zetu wenyewe zimekuwa zikilicheka zimwi zamani sana kabla ya Abbott na Costello kuzaliwa: zimwi ni kubwa lakini ni zito wa fahamu, lina meno lakini linadanganyika. Ndiyo maana tunaweza kusema kwa tabasamu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mpango wa kazi basi uwe hivi. Kwanza ngano isimuliwe yenyewe, kwa uzito wake wote, jioni ikiwezekana au katika kipindi cha mwisho, na watoto waachwe waogope kidogo. Mwalimu asiyeweza kusimulia zimwi likaogopwa hataweza kulifanya lichekwe. Hapa wengi huharibu. Huona aibu kusimulia hadithi ya kutisha kana kwamba wanaiamini, hivyo huanza mzaha tangu sentensi ya kwanza. Wengine husimulia mara moja tu na kuharakia zoezi la kuandika. Ngano isimuliwe mara mbili au tatu kwa siku tofauti, watoto wenyewe waisimulie, waigize, mpaka kila mmoja ajue nini kinafuata nini. Ndipo mwalimu aulize swali dogo: je, kama msichana yule angekataa kuimba mpaka alipwe? Je, kama ngoma ingekuwa nzito, zimwi likachoka likaketi njiani na kuomba msaada wa kubebewa? Je, kama zimwi lenyewe lingekuwa linaogopa giza?

Watoto wakiandika majibu ya maswali hayo watakuwa wanafanya kazi ngumu ya lugha bila kuisikia. Kuigeuza ngano kunamlazimu mtoto kujua muundo wake: wapi pana mwanzo, lipi ni fumbo, wimbo unarudiwa mara ngapi na kwa nini. Kunamfundisha pia usemi wa wahusika, maana zimwi linaloomba msaada haliwezi kusema kama zimwi linalotisha. Itabidi litumie maneno ya heshima, liamkie, liseme tafadhali. Mwalimu anayetaka kufundisha lugha ya adabu hatapata nafasi nzuri kuliko zimwi linalobisha hodi. Wala asishtuke hadithi zikitoka ndefu kuliko insha za kawaida, na zenye makosa mengi ya tahajia. Makosa yatasahihishwa baadaye. Insha ya mistari mitano isiyo na kosa hata moja ni ushahidi wa woga mara nyingi kuliko wa ustadi.

Wapo watakaosema kwamba kwa kufanya hivyo tunaziharibu ngano za wazee, na kwamba kitu kikishachekwa hakiheshimiwi tena. Hoja hiyo nayo ilitolewa juu ya filamu hii. Wapo waliosema kwamba Abbott na Costello waliyazika majitu ya Universal. Yaliyotokea yanaonyesha vingine. Mwaka 1958, miaka 10 tu baadaye, kampuni ya Hammer ya Uingereza ilitoa Dracula mpya, aliyechezwa na Christopher Lee, na watu wakaogopa upya. Na filamu ya kuchekesha yenyewe, mwaka 2001, iliingizwa katika orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa kwa usimamizi wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Hadithi yenye nguvu haiuawi na mwigo. Hupata maisha ya pili. Iliyokufa kwa kuchekwa ilikuwa imekwisha kufa.

Walakini kuna hofu ambazo sizo za kuchezewa, na mwanachuo asipozitenga atafanya madhara. Mnyonya damu wa filamu ni hadithi kwa mtu wa Marekani. Afrika Mashariki, tangu enzi za wakoloni, kumekuwa na minong'ono ya mumiani na chinjachinja, watu wanaosemekana kuchukua damu za wenzao, na minong'ono hiyo imewahi kuwaponza watu wasio na hatia. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi ya wananchi kwa kushukiwa tu kwamba ni wanyonya damu. Tanzania nayo ilishuhudia, katika miaka ya 2000, mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya imani za kishirikina, wakiwamo watoto wa umri wa wanafunzi wetu. Mtoto mwenye ualbino anayeogopa kutembea peke yake haogopi zimwi. Anaogopa watu, na ana sababu. Mwalimu atakayeifanya hofu hiyo kuwa mchezo wa darasani hafai kusimama mbele ya watoto. Vivyo hivyo bibi kizee jirani na shule, ambaye watoto humwita mchawi, asiingizwe katika igizo hata kwa jina la kupanga. Kabla ya kuchagua jitu la kulicheka, mwalimu ajiulize kama katika kijiji kile kuna mtu aliye hai ambaye kicheko hicho kitamfikia.

Hapo ndipo narudi kwa Bwana Pupa, na kwa swali la nani anachekwa. Katika filamu yetu kuna vicheko vya aina mbili. Kimoja kinayaangukia majitu, au kiburi cha Chick, na hicho kinamwinua mdogo. Kingine kinamwangukia Wilbur kwa sababu tu ni mnene, mzito, anapigwa kofi na kusukumwa. Aina hii ya pili ilikuwa chakula cha kila siku cha wachekeshaji hao wawili katika filamu zao, nami sioni sababu ya kuitetea. Ni kicheko rahisi. Ndicho pia kicheko rahisi zaidi kwa mwalimu: kumwambia aliyekosa neno moja la ukali lenye chumvi, na darasa zima likaangua. Mwalimu huyo hujiona mchangamfu. Watoto arobaini wamecheka, mmoja ameamua kutoinua mkono tena mwaka mzima.

Baadhi ya walimu hujitetea kwamba huo ni utani tu. Neno hilo wanalitumia vibaya. Utani katika jamii zetu una sheria zake. Watani hufika msibani, wakamsema marehemu na kuwachokoza wafiwa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini sheria hiyo inasimama kwa sababu kesho msiba ukiwa upande wa pili, aliyechokozwa naye atachokoza. Utani ni wa kwenda na kurudi. Mwanafunzi hawezi kumrudishia mwalimu. Akijaribu ataitwa mtovu wa adabu na kuadhibiwa. Kwa hiyo mwalimu si mtani wa mwanafunzi wake, na mzaha wake juu ya mtoto, hata uwe mtamu namna gani, ni nguvu ya mkubwa iliyovaa nguo za sherehe, kama Dracula katika dansi.

Kama mwalimu anataka darasa limcheke mtu, na aanze na yeye mwenyewe kwa kiasi, au na Bwana Pupa, au na zimwi. Watoto wakizoea kwamba makosa ya Pupa huchekwa na kisha hurekebishwa, bila Pupa kupigwa wala kufukuzwa, wataanza polepole kusema kwamba na wao wamefanya kama Pupa. Hiyo ndiyo ishara ya kuingojea. Mtoto anayeweza kusema hivyo mbele ya wenzake ameshinda jitu kubwa kuliko lolote lililotoka Hollywood, yaani hofu ya kukosea.

Mkufunzi atakayekuja kukagua somo la namna hii atauliza, na ni haki yake kuuliza, malengo yako wapi. Basi yaandikwe waziwazi katika andalio: mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu mbili kwa kuchukua, na kueleza kosa la Bwana Pupa kwa maneno yake, au aweze kusimulia ngano ya zimwi na kubadili tukio moja bila kuvunja mfuatano. Katika tathmini baada ya somo, badala ya kuandika kwamba wanafunzi walifurahi, mwanachuo aandike walicheka wakati gani, walimcheka nani, na ni mtoto gani hakucheka. Swali hilo la mwisho mara nyingi litampeleka nje ya darasa, kuzungumza na mtoto mmoja chini ya mti wakati wa mapumziko.

Ama filamu yenyewe, chuo chenye njia ya kuionyesha kinaweza kuipanga kwa jioni moja, wanachuo wakiwa peke yao. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, maneno yake ni ya Kiingereza ya haraka, na mizaha mingine inategemea mchezo wa maneno ambao hautafsiriki. Isiwasumbue, kwani sehemu iliyo bora huonekana kwa macho. Wautazame mshumaa juu ya jeneza, na ile zamu ambayo Wilbur anaingia na kutoka katika chumba cha Talbot bila kujua kwamba mbwamwitu yumo humo nyuma yake. Watoto wa madarasa ya chini wasionyeshwe. Talbot anapogeuka, nywele zikimwota usoni na mikononi, hakuna mzaha wowote, na mtoto wa Darasa la Kwanza hatalala usiku ule.